Wapita Njia wa Mwezi wa Tisa

Mwezi wa tisa ukiingia, misitu ya miombo inayoizunguka Songea hubadilika rangi. Mvua bado. Vumbi la njia za mashambani limetanda juu ya majani ya migomba, na vijito vya mabondeni vimepungua. Lakini miti haingoji. Miombo na mitondo huchipua kwa maji yaliyobaki ardhini, na majani hayo huanza yakiwa mekundu, mengine ya rangi ya shaba, kabla ya kukomaa na kuwa ya kijani. Mtu wa Ulaya akiuona mteremko wa kilima cha Matogoro wakati huu anaweza kudhani ni majani yanayozeeka, maana kwao ndiyo majira ya kupukutika. Huku wekundu huo ni utoto. Wiki zile zile, upande mmoja wa dunia mti unaufunga mwaka, upande mwingine mti unaufungua, na kati ya miti hiyo wapo ndege walio njiani.

Ninayemsubiri kuliko wote hatoki Ulaya. Ni kirukanjia, wa ile aina ambayo dume huota unyoya mmoja mrefu katika kila bawa, unyoya unaoweza kupita sentimita 70, ilhali mwili wake mwenyewe hauzidi sana shibiri. Kirukanjia wa kawaida kila mtu hapa anamjua: yule anayelala barabarani usiku, taa za gari zikimkaribia ndipo anaruka. Wengine humwita mpasuasanda, na hawapendi kumsikia karibu na nyumba yenye mgonjwa. Huyu wa manyoya marefu ni habari nyingine kabisa, na inanishangaza kuona jinsi anavyosemwa kidogo katika mkoa ambao ni wake.

Katikati ya mwaka anakuwa kaskazini ya ikweta, kwenye savana za Uganda na Sudani Kusini, na magharibi hadi Nigeria. Kuanzia mwezi wa nane anarudi kusini kwenye miombo ya Tanzania, Malawi, Zambia na Zimbabwe, kuja kuzaa. Msimu wa kuzaa ukiisha, dume huangusha manyoya yale, na safari ya kurudi kaskazini anaifanya bila hayo. Kwa hiyo watu wa huko anakokwenda humpokea bila uzuri wake. Sisi ndio tunaoonyeshwa.

Na onyesho lenyewe ni fupi. Jua likishazama, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, dume hutua mahali palipo wazi, kwenye jiwe au kichuguu kando ya shamba lililofyekwa. Hulia sauti nyembamba, kali, ya mfululizo, ambayo asiyejua atasema ni mdudu. Kisha anaruka. Haruki kwa haraka kama kirukanjia mwingine. Anapiga mbawa polepole, kwa kina, na yale manyoya yanamfuata nyuma yakipanda na kushuka, meupe, hata macho yakakataa kuamini kwamba yameshikana naye. Utadhani ni ndege watatu, mkubwa mmoja mbele na wadogo wawili wanaomfukuza bila kumfikia. Anazunguka, anarudi, anatua. Giza likishika, basi. Mara ya kwanza nilipomwona nilikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya misitu enzi za ujana wake, na nilipomuuliza, "Babu, huyu ni nini?" alijibu bila hata kusimama: "Huyo wa kila mwaka, mjukuu wangu. Miti ikishakuwa myekundu hivi, naye yupo."

Jibu lile nimelibeba muda mrefu. Mzee alikuwa na tarehe kichwani, haikuhesabiwa kwa kalenda bali kwa majani, na ilikuwa sahihi.

Jike hajengi kiota. Hutaga mayai mawili juu ya ardhi tupu, kwenye takataka za majani makavu, na kuyalalia peke yake, maana dume hamsaidii. Kinga yake ni rangi tu: kahawia, kijivu, madoa meusi, ubavu wote umeandikwa kama majani yaliyomzunguka. Unaweza kusimama hatua mbili kutoka kwake usimwone mpaka afumbue jicho. Kinga hiyo inamtosha dhidi ya mwewe, nyoka na mtoto mwenye manati. Haimtoshi dhidi ya moto.

Na huu ndio mwezi wa moto. Wenye mashamba wanachoma visiki na magugu waliyoyafyeka. Wawinda panya wanachoma nyasi. Warina asali wanaacha vijinga. Na wapo wanaowasha kwa kupenda tu kuona unavyokwenda. Usiku, kutoka mjini, unaweza kuona mstari mwekundu ukipanda kilimani. Maofisa misitu wamekuwa wakishauri kwa miaka mingi kwamba anayelazimika kuchoma achome mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto upite chini kwa chini na kuzimika. Moto wa Septemba na Oktoba haupiti hivyo. Unaunguza chipukizi jekundu, unaunguza mti mchanga, na ardhini unakuta mayai ya ndege aliyesafiri kutoka ng'ambo ya ikweta kuja kuyaweka pale. Matogoro ndiko unakoanzia Mto Ruvuma, ulioupa mkoa jina na unaotutenga na Msumbiji hadi baharini. Wanaopigania kilima hicho husema vyanzo vya maji, na wana haki. Mimi nataka mayai yale mawili nayo yatajwe katika hoja.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa wanaanza wale wa mbali. Keremkerem wa Ulaya hupita juu sana, kundi zima likiitana, na wengi huwasikia kabla ya kuwaona. Chole wa buluu anakuja baadaye kidogo na kukaa peke yake juu ya kisiki. Mbayuwayu ndio wengi. Oktoba ikishika kasi wanajipanga kwenye nyaya za umeme, wakichanganyika na mbayuwayu wa hapa hapa ambao hawajaenda popote, na anayetaka kuwatofautisha atazame shingo: yule mwenye koo jekundu la kutu na mkanda mweusi kifuani ndiye aliyetoka kaskazini. Ana uzito wa gramu 20 hivi. Wengi wanaopita upande wetu wametoka Urusi na mashariki ya Ulaya, na safari bado haijaisha, kwa sababu wengine wataendelea hadi Afrika Kusini.

Hapo ndipo mbayuwayu hukutana na historia ya watu wa hapa, ila kwa kuelekea upande wa pili. Wangoni walikuja Songea wakitoka huko huko ndege wanakokwenda. Baada ya Shaka, mfalme wa Wazulu, kuwashinda Wandwandwe karibu mwaka 1819, Zwangendaba, mmoja wa viongozi wao, aliondoka na watu wake kuelekea kaskazini. Walivuka Zambezi mwaka 1835, wakaendelea hadi Ufipa, naye akafia huko katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake makundi yaligawanyika, na moja, likiongozwa na Zulu Gama, lilifika nchi hii ambako Wangoni wa Maseko walikuwa wamekwisha kutangulia kwa njia nyingine, mashariki ya Ziwa Nyasa. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji jina na ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, alikuwa mtu wa jamii iliyotumia miaka zaidi ya ishirini kutembea njia ambayo mbayuwayu huimaliza kwa wiki chache.

Karibu na Durban, mahali panapoitwa Mount Moreland, kuna matete ambamo mbayuwayu wa kaskazini hulala kwa wingi usioelezeka. Makadirio yamefika milioni tatu. Ulipojengwa uwanja mpya wa ndege jirani na matete hayo, watu walihofia itakuwaje mamilioni yale yakikutana na ndege za abiria jioni. Matete yaliachwa, ikafungwa rada ya kuwaangalia mbayuwayu wanavyoruka, na uwanja ukafunguliwa mwaka 2010 kwa jina la King Shaka. Kwa hiyo baadhi ya mbayuwayu wanaokaa kwenye nyaya za Songea mwezi wa kumi wanaweza kuwa wanakwenda kulala kando ya uwanja wenye jina la mfalme ambaye mababu wa Wangoni walimkimbia. Mbayuwayu hana habari na hayo. Sisi tunazo, na kwangu ni moja ya sababu za kuinua kichwa na kutazama waya.

Ulaya yenyewe ilichelewa sana kujua walikokuwa wanakwenda ndege wake. Tangu enzi za Aristotle kulikuwa na wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Karne nyingi baadaye bado wapo waliosema hulala chini ya maji ya maziwa. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Mwezi wa tano mwaka 1911 mwanasheria wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete ya namba B830. Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba shambani huko Natal, Afrika Kusini. Mbayuwayu wa Uingereza wengi hufuata njia ya magharibi zaidi kuliko yetu, lakini mwisho wa njia ni ule ule, na pete ile ndogo ilizima mabishano ya miaka elfu mbili.

Nikiifikiria namba ile huwakumbuka watu wengine waliopewa namba. Wilaya ya Songea ilikuwa moja ya hazina kubwa za vibarua wa mkonge. Vijana wa Kingoni na Kindendeule waliandikishwa, wakapewa mkataba na kipande, wakasafirishwa kwenda mashamba ya Tanga na kwingineko, manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na mwaka 1955 mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alichapisha utafiti wake juu ya uhamaji huo. Wengi waliondoka mavuno yakishaisha, wengine walirudi baada ya miaka, wengine hawakurudi. Tunajua kuondoka kwao kwa sababu mkonge ulitaka hesabu. Waliyoyaona njiani, kwa mguu na kwa lori, kati ya Songea na bahari, hakuna aliyewauliza ayaandike. Lazima waliona mengi. Mtu anayetembea siku nyingi porini mwezi wa kumi hukutana na kila ndege anayepita.

Kuna kisa kimoja nakipenda kwa sababu kinageuza mambo. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kaskazini ya Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemtoboa shingoni, mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi, wa mti na ncha ya chuma. Wataalamu waliuangalia wakakubali kwamba umetengenezwa Afrika. Korongo alikuwa ameruka nao mpaka kwao. Bado yupo, amekaushwa, kwenye Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ungali shingoni. Huo ndio uliokuwa ushahidi wa kwanza ulioshikika mkononi kwamba korongo wa Ulaya huja Afrika wakati wa baridi. Ndege amehifadhiwa, kijiji kimeandikwa, mwaka umeandikwa. Mwindaji aliyerusha mkuki, ambaye bila kukusudia aliwajibu wasomi wa bara zima, hana jina wala kijiji. Yeye korongo alimjua. Alijua anakuja lini, anatua wapi, anakula nini.

Jambo hilo linaendelea hapa kwetu, kwa upole zaidi. Mlinzi wa usiku wa shule moja pembezoni mwa mji aliwahi kunieleza kuhusu ndege aliyeangukia barazani usiku, chini ya taa, siku chache kabla mvua hazijaanza. Alimweleza vizuri kuliko vitabu: mgongo kijani, kifua cha manjano iliyoiva, tumbo jekundu, kichwa cheusi chenye mistari ya hudhurungi, mkia mfupi kana kwamba umekatwa, na kwenye bawa vidoa vya buluu "vinavyong'aa hata ukimfunika na kivuli". Wenzake walisema ni kasuku aliyetoroka kwa mtu. Yeye alimweka kwenye boksi lenye matundu hadi alfajiri, akamwachia kwenye kichaka, ndege akatembea, hakuruka, akapotea chini ya majani.

Alikuwa pita wa Afrika. Hatembelei taa kwa kupenda. Husafiri usiku, akitoka misitu ya Kongo kuja kuzaa kusini mashariki mwa Afrika mvua zinapoanza, na mwanga wa umeme humpoteza. Sehemu nyingi za Tanzania wameokotwa hivyo, barazani na chini ya madirisha. Wapo watazamaji wa ndege wanaotumia fedha nyingi kuja kumtafuta huyu mmoja, na hurudi kwao bila kumwona. Mlinzi wetu alimshika mkononi. Tarehe hakuiweka mahali popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mahali pa kuiweka.

Mahali papo. Neil Baker na Liz Baker wamefanya kazi kwa miongo kadhaa kukusanya kumbukumbu za kila aliyeona ndege gani, wapi, mwezi gani, katika ramani ya ndege wa Tanzania, nchi yenye aina zaidi ya 1,000. Lakini kumbukumbu hufuata barabara za wenye darubini, na barabara hizo zinakwenda Arusha, Manyara na Serengeti. Ruvuma ni mbali. Ndivyo ndege wengi wanavyoitwa adimu katika kusini yetu: wanapita juu ya watu elfu wenye macho, na hakuna hata mmoja anayeandika. Adimu wa kweli wapo, kama mbayuwayu wa buluu, ambaye nyasi zake za kuzalia huko Kitulo na Njombe zimekuwa zikigeuzwa mashamba na misitu ya kupandwa, naye mwezi huu huu anarejea kutoka pande za Ziwa Viktoria. Kumtofautisha aliyepungua na asiyeandikwa si anasa ya wasomi. Usipojua walikuwa wengi kiasi gani jana, utajuaje kwamba leo wamekwisha?

Mfano mzuri wa kile ambacho habari inaweza kufanya umetoka India. Kozi wa Amur huzaa kaskazini mashariki ya Uchina, Mongolia na Urusi ya mashariki. Hupita jimbo la Nagaland, huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, na kufika Afrika Mashariki Novemba na Desemba, akishuka kusini pamoja na mvua na kumbikumbi. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wanavijiji wa Nagaland walikuwa wakiwanasa kwa nyavu na kuwauza, maelfu kwa maelfu kila siku ya msimu. Mwaka uliofuata hawakunasa. Makanisa, wazee wa vijiji na wahifadhi walikaa na watu, wakawaeleza ndege wale wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Mwaka huo huo kozi watatu walifungwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina ya huko, Naga, Wokha na Pangti, na watu waliokuwa wakiwanasa wakafuatilia safari zao hadi bara letu. Sijui hoja nyingine iliyofanya kazi haraka namna hiyo.

Songea haihitaji kuanza na setilaiti. Kuna kekeo, yule wa kifua chekundu, ambaye sauti yake ya vipande vitatu inayoshuka husikika mvua zikikaribia. Kwa Wazulu pia ndiye huyo huyo anayewakumbusha jembe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za Msimu mwezi wa kumi, na mkulima wa Mletele au Peramiho huusikiliza, kisha bado husubiri kumsikia ndege kabla ya kwenda kuchukua mbegu. Daftari la shule linatosha: siku aliyolia mara ya kwanza, mahali, nani amesikia. Siku mbayuwayu wenye koo jekundu walipoonekana kwenye waya. Siku moto ulipopanda Matogoro. Miaka kumi ya kurasa hizo kutoka shule chache tu ingekuwa kitu ambacho hakuna mtaalamu wa nje anayeweza kutuletea. Na ukurasa wa kuanzia usiwe wa mwaka huu. Wapo wazee wa miaka themanini hapa wanaokumbuka mwaka kekeo alipochelewa na mahindi yakapandwa mara mbili. Waulizwe kabla ya Novemba, na majina yao yaandikwe pembeni ya walichokisema.